Bulo Nne Tosha

Mujinga, mwanangu,

Usianze kucheka mwandiko. Mkono huu umezoea bageti ya kuchomelea chuma, kalamu ya biki unaiona nyepesi mno, inakimbia. Weye na mama yako mko saluni, na kwa kichwa chako kilivyo kikubwa (umekitoa kwangu, asante hakuna) hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Minye niko chumbani kwako, nimekaa kitandani, mgongo ukutani. Bati la juu linalia lia kwa joto. Kwaya ya jirani inarudia wimbo mmoja tangu saa nane na bado wanakosea palepale.

Kesho asubuhi basi linakuchukua hadi Lubumbashi, halafu Kasumbalesa, halafu Zambia yote, halafu Tunduma, halafu Mbeya, kwenye ile karakana ya nyumba za kubebwa walikokuchagua kati ya watu sijui wangapi. Habari za pasipoti, kadi ya chanjo, maji ya kuchemsha na wanaume wenye manukato mengi, mama yako amekuandikia kurasa tatu. Siongezi kitu.

Nimeamua kuandika Kiswahili bora, kile cha redio, ili masikio yako yaanze kuzoea. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, lakini unajua mwenyewe: kutoka Panda hadi Kakontwe, nani mwingine ametengeneza nyumba inayopanda kamyo, yaani lori, na kushuka ikiwa na mapazia yake? Hakuna. Paka baba yako. Na hapo tayari nimeanguka, maana huku kwetu "paka" ni "tu," na kule ni mnyama wa kukamata panya. Zoea hivyo hivyo. Huku "bongo" ni uongo, kule wanaita hivyo nchi yao yote. Na jina lako! Kule mjinga ni mtu asiyejua kitu. Watakapocheka, waambie ulizaliwa kamba ya kitovu imekuzunguka shingo, na kwa watu wa bibi yako mtoto wa namna hiyo njo, yaani ndiye, Mujinga. Waambie ulikuja duniani umeshafungwa kama mzigo unaojua una safari.

Sasa sikia, maana nimezunguka vya kutosha.

Mchoro wako uko mezani. Niliuangalia bila ruhusa. Nyumba ya vipande vitatu, kila kimoja kinatosha kitanda cha kamyo, na kipande cha tatu kinafungua ubavu wake kinakuwa barza. Nilikaa nikauangalia hadi nikausikia. Niliona nyumba hiyo ikipita juu ya mijakaranda, taratibu, mtu amekaa kwenye barza anachochea mbabula yake ya makaa, moshi unabaki nyuma kama mkia. Nilisema peke yangu kwa sauti: huyu si mtoto, huyu ni mimi mwenye diploma.

Halafu nikaona chini kabisa, pembeni ya zile bulo, kule wanasema bolti, ulizozipaka nyekundu, umeandika kwa herufi zako nzuri: "Bulo nne tosha. Vile Papa anaandikaka."

Nikayasoma mara tatu, mwanangu. Umeyatoa kwenye daftari langu la zamani, najua. Umeyaweka kwa heshima. Na maneno hayo matatu, ukiyafikisha Mbeya, siku moja yataangusha nyumba juu ya mtu. Sisemi kwa kubahatisha. Yalishaangusha moja, na ni mimi niliyeyaandika.

Huku tukisema "tosha" tunamaanisha toa, ondoa. Kule "tosha" maana yake zinafaa, haihitajiki nyingine. Tazama tena uliyoandika, ukiwa na masikio ya huku, kisha ukiwa na masikio ya kule.

Weye unaijua hadithi ya nyumba ya Mama Kabedi. Nimekusimulia mara mia: yule shofere mwizi wa Tanzania aliyeiba bulo zangu, nyumba ikaanguka, na minye, shujaa, nikaijenga upya kwa miezi miwili. Hadithi ile ni bongo. Bongo ya huku.

Nianzie mbali kidogo, nipate pumzi. Nilipokuwa mdogo, hapa Panda, nyumba zote za kambi ya kampuni zilikuwa za matofali, zimepangwa kama meno. Kazi ilipokwisha, watu waliondoka mmoja mmoja, nyumba zikabaki. Nilikuwa nalala mchana kwenye simenti ya barza, na kila mara naota ndoto moja: juu ya kila paa kuna ndoano, na kutoka mawinguni unashuka mnyororo mrefu, unachukua nyumba ya fulani, unaiweka kule fulani alikokwenda. Bila kelele. Sahani hazivunjiki. Kuku wanabaki wameduwaa kwenye mraba mweupe wa udongo. Nilipomweleza marehemu baba yangu, alisema, "Amuka, uende kuteka mayi." Lakini ndoto ile haikuniacha.

Ndiyo maana Mama Kabedi, muuza samaki wa Kakanda, alipokuja kwangu, sikumwacha amalize sentensi. Machimbo yalikuwa yamesogea mara mbili hadi mlangoni kwake, na mara mbili aliacha kuta zake nyuma. Aliniambia, "Enjeniere, minye nimechoka kuachaka manyumba. Nitengenezee ile tunaweza kuenda nayo." Watu walikuwa wananiita Enjeniere kwa kunidhihaki. Yeye alilisema bila kucheka. Ningemjengea hata ya kuruka.

Ilikuwa chumba kimoja kirefu, fremu ya chuma, tole, yaani bati, nje, mbao ndani, takataka za mbao zimeshindiliwa katikati kuzuia joto. Nilijisifu wiki nzima. Mama Kabedi alizunguka mara moja tu akauliza, "Na mbabula nitaweka wapi?" Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anapika. Weye umeweka barza inayokunjwa. Nilipoiona leo nilijua umenipita, na iliniuma vizuri.

Nyumba ilipaswa kushikwa kwenye kamyo kwa bulo nane. Nne nyekundu kwenye pembe, nne nyeusi katikati. Kule Kakanda, kabla ya kuinua kwa mashine, watu wa kushusha walitakiwa kwanza watoe zile nyekundu, kisha wafunge minyororo, ndipo watoe nyeusi. Kwa ajili yao nikaandika ukutani kwa rangi, herufi kubwa kama za kanisa: BULO NNE TOSHA.

Shofere aliitwa Ambakisye. Mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole, anasema "naomba" kabla ya kila kitu. Kamyo yake ilikuwa inakwenda tupu upande wa Kolwezi kupakia shaba, akakubali kutubebea nyumba hadi Kakanda. Weye ulikuwa na miaka minane. Unakumbuka ulivyopanda ukaingia ndani ya nyumba juu ya kamyo?

"Papa, minye nitaenda mu nyumba!"

"Enda, mama," nikasema. "Utanipungia mukono mu dirisha."

Ndiyo. Nilikubali. Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Weye Papa Mujinga, uko na kichwa? Tosha mutoto! Tosha mutoto sasa hivi!"

Ambakisye akacheka hadi akashika magoti. Akaniambia, "Mama amechoka, eti mtoto tosha! Mmoja tu, na amesema basi! Halafu kukuita baba mjinga mbele ya wageni…"

Na minye nikacheka naye. Sikuelewa hata kidogo anachekea nini, lakini mimi ni mtu wa namna gani? Sikubali kuonekana sielewi. Ningeuliza tu, "Unasema nini, ndugu?" angenieleza, na neno lingefunguka pale pale uani, kwenye lupango letu, jua likiwaka, hakuna aliyeumia. Nimefikiria kicheko kile kuliko kitu kingine chochote nilichofanya maishani.

Mama yako alikushusha, unalia, umeshika fremu ya mlango. Minye nilikuwa nimeshafunga zile nyekundu nne. Nikampa Ambakisye zile nyeusi nne mkononi, nikamwambia, "Malizia." Nikakimbia kuvaa koti na kumtafuta mpiga picha. Ile picha ya saloni, pale sebuleni kwetu, nimekunja mikono mbele ya kamyo kama waziri: niliipiga wakati ule. Sikurudi kuangalia bulo. Mtu aliyevaa koti hainami.

Kwenye mteremko, kabla ya kufikia njia ya Kakanda, nimekaa ndani ya kamyo kando ya Ambakisye, nilisikia sauti kama mtu anavunja kidole. Halafu nyingine. Kwenye kioo cha pembeni niliona nyumba inageuka. Nakuambia kweli, ilikuwa nzuri. Iligeuka polepole kama mtu anayegeukia upande mwingine wa kitanda, mapazia ya Mama Kabedi yakatoka dirishani yakapepea, na kwa muda mfupi sana ndoto yangu ya utoto ilikuwa pale, nyumba hewani. Kisha ikalala mtaroni kwa ubavu.

Chini yake kulikuwa na baiskeli yenye magunia ya makala, makaa ya kupikia. Tuliona gurudumu moja linazunguka. Sikuweza kushuka. Ni Ambakisye aliyeshuka, akalala chini akaanza kuita, "Ndugu! Ndugu!" Na yule mwenye baiskeli akatokea nyuma ya kichuguu anafunga suruali, alikuwa amekwenda kujisaidia. "Njo minye," alisema. "Baiskeli yangu iko wapi?"

Dirisha ambamo ungenipungia mkono lilikuwa upande wa chini.

Watu walijaa haraka, unajua barabara yetu. Mama Kabedi alifika na moto, pikipiki ya kukodi, amebeba masufuria yake mapajani, akasimama anaangalia. Nikamwuliza Ambakisye, "Bulo nne nyeusi ziko wapi?"

"Zipo kwenye kisanduku changu, Bwana fundi. Nimekutunzia."

"Umenitunzia?"

"Si umeandika mwenyewe ukutani? Bolti nne tosha. Nikasema, huyu fundi anajiamini kweli."

Hapo njo nilielewa. Kicheko cha asubuhi, mama yako na mwiko wake, yote yalifunguka kichwani mara moja, kama mtu amewasha taa kwenye chumba kichafu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi kubwa, Mujinga, usidhani ilikuwa kufumba na kufumbua. Niliona Mama Kabedi ananiangalia. Nilimsikia mtu nyuma yangu anasema, "Njo ile nyumba ya enjeniere bila diploma." Na kinywa changu kikasema, "Aliiba bulo zangu!"

Walifungua kisanduku. Bulo zilikuwa pale, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa, maana yeye alitaka kunirudishia safi. Kwa macho ya watu ule ulikuwa ushahidi. Walimpiga makofi, wakamchania shati. Yeye hakuwaangalia waliompiga. Aliniangalia mimi, akasema, "Bwana fundi, waambie."

Niliinama nikajifanya nakagua chuma. Siku ile niliweza kuinama, hata na koti.

Mwenye kamyo alipigiwa simu, akatuma shofere mwingine. Mwaka uliofuata niliwauliza wenzake walioegesha hapa mjini. Mmoja akasema, "Ambakisye? Huyo hayupo tena barabarani. Alisingiziwa wizi huku kwenu." Alisema "huku kwenu" bila kujua anaongea na nani. Nikamnunulia soda, nikaenda zangu.

Nyumba ile niliivuta hadi nyumbani. Kitu cha kwanza, kabla ya kunyoosha chuma, kabla ya kula, nilichukua brosi ya waya nikakwangua yale maneno. Mama Kabedi nikamjengea nyingine, yenye mahali pa mbabula, na hadi leo anaishi ndani, imeshahama mara moja na sahani hazikuvunjika. Hiyo iliyoanguka, unajua iko wapi. Umelala ndani yake miaka kumi na mmoja. Hili bonde ukutani ulilofunikia kioo chako ni jiwe la mtaroni. Na hapa mgongo wangu ulipoegemea ndipo palipoandikwa.

Unakumbuka masika ya kwanza? Ulikuja unakimbia: "Papa, ukuta inaandika!" Nikaja. Chuma kilikuwa kinatoa jasho kwa baridi ya mvua, na pale nilipokwangua maji yalishika kwa namna nyingine. Herufi zilikuwa zimerudi, za maji. Ulikuwa unazifuata kwa kidole, umesoma T, umesoma O. Nikakuambia ni kutu. Kesho yake nikapaka rangi ya buluu. Na kila mwaka kabla ya mvua nimepaka tena, nawe ukawaambia marafiki zako kwamba hakuna baba Likasi nzima anayempakia binti yake chumba kila mwaka. Nakupenda, hilo sikatai. Lakini rangi ile, tabaka kumi na moja, ilikuwa ya woga.

Na ile sifa yangu nyingine, kwamba mimi sitaki maneno kwenye nyumba zangu, natumia rangi na alama tu, watu wanasema Enjeniere amevumbua? Sikuvumbua. Niliogopa kuandika.

Nimekuwa nikijiuliza mchana huu kama ningekuambia haya bila ule mchoro. Sidhani. Ningekubeba kesho hadi kwenye basi, ningepiga mzaha, ungeondoka unajua kwamba baba yako ni shujaa na Watanzania ni wezi wa bulo, na ungeanza kazi kati yao na hilo kichwani. Ningekuachia uende na mzigo ambao haukufungwa vizuri, kama siku ile. Wanaokuja kukupokea wanaweza kuwa watoto wa Ambakisye kwa yote ninayojua. Wangekusemesha kwa upole, wangesema "naomba," na weye ungekuwa unachunga mkoba wako.

Kwa hiyo utakapokuwa kule na mtu akacheka, na hujui anachekea nini, uliza. Uliza hata kama umevaa koti. Sina shauri lingine, na hili nimelipata kwa bei ya mtu mwingine.

Mchoro wako sikuugusa. Nimeweka tu kifutio juu yake. Kama utaandika "ondoa," au utachora mkono unaofungua, utaamua mwenyewe. Nyumba ni yako.

Na kingine. Zile bulo nne nyeusi karibu na mlango, unazotundikia nguo: ndizo. Alizitunza, halafu mimi nikazichomelea ukutani ili niwe naziona. Saa tisa nimezikata. Ziko chini ya sanduku lako, kwenye kitambaa, usishangae uzito. Tukuyu si mbali na Mbeya, nimeuliza. Sikutumi umtafute, aliyemkosea ni mimi, na pasipoti yangu nimeipeleka kuombea viza, muulize mama yako, alidhani nina mwanamke Zambia. Weye zibebe tu, zitangulie. Kama utakutana naye kabla yangu, mwambie zilikuwa kwangu. Akiuliza weye ni nani, mwambie jina lako kwa ukamilifu, Mujinga, binti wa Papa Mujinga. Atasikia "baba mjinga." Safari hii hatakuwa amekosea.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kati ya nguo, uisome ukishavuka mpaka, mimi niko mbali na macho yako. Nawasikia kwenye geti sasa. Mama yako analalamika juu ya nywele, weye unacheka, kuku wanakimbia. Nimebadili nia. Naiacha juu ya mchoro, chini ya kifutio. Utaingia, utaiona. Minye nitakuwa nje kwenye barza napuliza mbabula, sitaenda popote. Njoo uniulize unachotaka, ao njoo unipige kelele, ao kaa kimya ule bukari yako, ugali wetu wa huku. Bado tuna jioni nzima.

Basi, tosha. Soma kwa masikio ya huku ao ya kule, leo yote mawili ni kweli.

Papa